Uliumia lini? Swali linalomshinda mchimbaji wa Buseresere

Fomu ya fidia haikosi swali hili: uliumia lini? Aliyeangukiwa na jiwe analo jibu. Aliyekatwa vidole na mashine analo jibu, na mashahidi juu yake. Lakini mtu aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka kumi na mitano, akaanza kukohoa kidogo kidogo, akadhani ni baridi ya usiku, akanywa mitishamba, akatibiwa kifua kikuu mara mbili, na leo hawezi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani hadi mlangoni bila kusimama kuhema, huyo ataandika tarehe ipi?

Ajali huwa na siku yake. Mwaka 2015 nchi nzima ilitega sikio kusikia habari za Nyangalata, wilayani Kahama, ambako wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya kifusi. Ile ilikuwa habari yenye mwanzo na mwisho, na kila mtu aliielewa. Ugonjwa wa vumbi haupigi kelele. Unamwingia mtu akiwa na nguvu zake, unakaa naye, unahama naye kutoka machimbo haya hadi yale, na siku unapojitokeza yeye keshaacha kazi na kurudi shambani. Ndipo anapoanza safari ya pili, ya kutafuta mtu wa kuandika kwenye karatasi kwamba ameumia.

Safari hiyo ya pili ndiyo ninayoiandikia, kwa sababu wengi wanaoianza kutoka Buseresere wanaishia njiani, wakati baadhi yao walikuwa na haki kamili.

Buseresere ni mji wa barabarani. Anayetoka Geita kwa mara ya kwanza hawezi kujua Katoro imeishia wapi na Buseresere imeanzia wapi: maduka yamefuatana, gesti zimefuatana, bodaboda ni wale wale. Mpaka upo hata hivyo, tena wa wilaya. Katoro iko Geita, Buseresere iko Chato. Mwenye afya anaweza kuvuka mpaka huo mara kumi kwa siku asiutambue. Mgonjwa anautambua haraka, kwa sababu atalala upande huu, atatibiwa upande ule, jina lake litakuwa kwenye daftari la mtaa mmoja na kadi yake ya kliniki itakuwa imetoka kwenye kituo cha upande wa pili. Barua ya utambulisho aiandike mtendaji yupi? Mambo madogo kama haya humlaza mtu njiani.

Wakazi wa mji huu ni Wasukuma, Wasubi, Wazinza, Waha, Wahaya, na watu wa kila kona waliofuata dhahabu. Machimbo yanauzunguka: Rwamagasa, Nyarugusu, na mengine mengi yanayozaliwa na kufa kila kunaposikika kwamba mahali fulani pametema dhahabu. Kijana anaingia duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, akiwa na miaka kumi na minane. Mzee anatoka akiwa na arobaini, na kifua cha mtu wa sabini.

Simama kidogo kando ya karasha linaposaga mawe makavu, uone. Injini ya dizeli inaunguruma, mtu mmoja analisha mawe kwa koleo, mwingine anapokea unga chini na kuujaza kwenye viroba. Unga wenyewe ni mweupe, laini, kama unga wa muhogo. Kinga ni fulana kuukuu iliyofungwa mdomoni. Pembeni kina mama wanaponda vipande vidogo kwa nyundo, wengine na watoto mgongoni. Ikifika jioni, kope za wote ni nyeupe. Lakini vumbi linaloonekana kwenye kope si lile baya zaidi. Linaloua ni dogo kuliko hilo, lisiloonekana kwa jicho, linalopita kwenye nyuzi za fulana kana kwamba hakuna kitu, na kwenda hadi ncha za mwisho za mapafu.

Mwamba unaobeba dhahabu una silika nyingi. Chembe za silika zikishafika ndani kabisa, mwili hauna njia ya kuzitoa. Unazizungushia makovu. Makovu yanaongezeka, mapafu yanakakamaa, pumzi inafupika. Huo ndio ugonjwa unaoitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Mbaya zaidi, unaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha machimbo. Na mapafu yenye silika ni shamba zuri la kifua kikuu: mchimbaji mwenye ugonjwa huu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata TB kuliko jirani yake asiyeutambua hata mlango wa duara.

Zebaki nayo ina madhara yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilifanya utafiti wa afya Rwamagasa, na watu wa kulinganishwa nao, wasiofanya kazi ya zebaki, walichukuliwa Katoro. Waliokuwa na zebaki nyingi zaidi mwilini walikuwa wale wanaoichoma ili ibaki dhahabu, na baadhi yao walikutwa na dalili za sumu yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mkono unaotetemeka wa mchoma dhahabu, kama vile kikohozi cha msaga mawe, hauna tarehe.

Sasa tuje kwenye sheria, maana watu wengi wanadhani haipo.

Ipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kupokea michango Julai 2015. Kabla ya hapo tulikuwa na sheria iliyorithiwa kwa mkoloni, ya mwaka 1949. Chini ya sheria ile kiwango cha juu kabisa cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa Sh108,000, na cha kifo Sh83,000. Mgodi wa kale wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na waliotoka pale na vifua vyao walikuwa na karatasi hiyo tu ya kuegemea.

Mfuko wa sasa ni kitu kingine kabisa, na ni haki kuusifu panapostahili. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Anayechangia ni mwajiri peke yake, nusu ya asilimia moja ya mishahara anayolipa. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya muda ambao mtu hawezi kufanya kazi, fidia ya ulemavu wa kudumu, utengamao, posho ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, mazishi, na malipo ya wategemezi. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo, sambamba na ajali. Aliye kwenye matibabu hulipwa asilimia 70 ya kipato chake kwa muda usiozidi miezi 24. Matibabu yakifika mwisho na hali isibadilike tena, ndipo inapofanyika tathmini ya ulemavu wa kudumu. Hapo ndipo penye uzito wote.

Tathmini huzaa namba, na namba hiyo ni asilimia ya ulemavu. Ikiwa 30 au chini yake, mtu hulipwa mkupuo, mambo yakaisha. Ikizidi 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Msomaji ajionee mwenyewe: mgonjwa wa mapafu ambaye hali yake inazidi kushuka mwaka hadi mwaka, akipewa 30, atachukua fedha mara moja, atasomesha, atalipa madeni, na miaka mitatu baadaye atakuwa hana fedha wala pumzi. Jirani yake aliyepewa 35 atakuwa na kitu kila mwisho wa mwezi. Pointi hizo tano zinaweza kutokana na mapafu yenyewe. Zinaweza pia kutokana na jinsi mtu alivyojieleza siku hiyo.

Na ile tarehe? Sheria inataka taarifa ifikishwe ndani ya miezi 12. Kwa ajali, miezi hiyo inahesabiwa tangu siku ya ajali. Kwa ugonjwa, inahesabiwa tangu ugonjwa ulipogunduliwa. Hili ndilo jambo ambalo ningependa liandikwe kwenye kila ukuta wa zahanati kuanzia Kahama hadi Chato. Mgonjwa wa vumbi hana haja ya kukumbuka siku alipoumia. Tarehe yake ni siku daktari alipoandika kwa mara ya kwanza kwamba mapafu haya yameharibiwa na vumbi la kazi.

Tatizo ni kwamba siku hiyo kwa wengi haifiki kamwe. Mchimbaji anayekohoa na kukonda, akifika kituoni, jambo la kwanza linalofikiriwa ni TB, na ni sawa lifikiriwe. Makohozi yanapimwa. Vijidudu visipoonekana, lakini picha ya kifua ikaonyesha madoa, mara nyingi anaanzishiwa dawa za TB kwa kuangalia picha. Dawa ni bure, miezi sita. Anamaliza, anapata nafuu kidogo au hapati kabisa, mwaka unapita, anarudi, anaanzishiwa tena. Kijijini wameshaanza kunong'ona: wengine wanasema hamezi dawa vizuri, wengine wanasema ni ule ugonjwa mwingine, wengine wanasema karogwa na mwenzake wa duara waliyegombania mgao. Muda wote huo hakuna aliyeandika neno vumbi kwenye karatasi yake.

Mgonjwa mwenyewe ana sehemu yake katika hili. Akiulizwa kazi, anasema mkulima. Hasemi uongo, kwa sababu ana shamba la mihogo na mpunga. Lakini anaficha duara, ama kwa kuogopa kwamba alichimba kwenye eneo lisilo na leseni, ama kwa kuona kwamba machimbo ni habari ya zamani. Daktari naye ana foleni ya watu sitini nje. Anaandika mkulima. Kwa neno hilo moja, haki ya mtu imezikwa.

Nimesema kwamba pointi tano zinaweza kutokana na jinsi mtu alivyojieleza. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu sisi watu wa huku tuna adabu ambayo siku ya tathmini inatugharimu.

Fikiria mzee anayeingia kwenye chumba cha daktari wa tathmini. Ameoga, amevaa shati lake la kanisani, amenyoa ndevu. Daktari ni kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Unaendeleaje na hali?"

"Sijambo, namshukuru Mungu. Ni hiki kifua tu kidogo."

Kifua tu kidogo! Usiku uliopita alilala ameketi, mgongo umeegemea ukuta, kwa sababu akilala chali anakosa hewa. Asubuhi mkewe alimfunga kamba za viatu, kwani akiinama anaishiwa pumzi. Kutoka stendi hadi hospitali alisimama mara nne, akijifanya anatazama bidhaa za wamachinga ili watu wasijue. Hayo yote hakuyasema. Malezi yamemfundisha kwamba mtu mzima hamwagii mgeni shida zake, na kwamba kulalamika mbele ya kijana ni aibu. Daktari, ambaye hana ramli, ameandika alichoambiwa: mgonjwa anaendelea vizuri, analalamikia kifua kidogo.

Heshima ni jambo jema na siombi iondoke. Ninachoomba ni mtu ajue kwamba chumba kile si baraza la salamu. Swali la hali yako pale ni swali la kazi, sawa na mizani ya dhahabu. Ukipunguza, utalipwa pungufu.

Ugonjwa wa muda mrefu una hila nyingine: una siku nzuri na siku mbaya. Siku ya tathmini ikiangukia siku nzuri, mtu anatembea hadi dirishani na kurudi, na inaandikwa kwamba anatembea. Nchi zilizotutangulia katika mambo haya zimelumbana sana juu ya jambo hili. Uingereza, ambako posho ya wenye ulemavu ilibadilishwa kuanzia mwaka 2013 na ikaleta malalamiko makubwa kutoka kwa wagonjwa wa muda mrefu, kanuni zao angalau zimeweka wazi kipimo: hali ihesabiwe ikiwa inamkumba mtu zaidi ya nusu ya siku zake, na kuweza kufanya kitu maana yake ni kukifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudiarudia, na kwa muda unaostahili. Kipimo hicho hakina nguvu ya sheria hapa kwetu, lakini kinamfaa mtu yeyote anayejiandaa kuulizwa. Ukiulizwa kama unaweza kutembea kwenda sokoni, usijibu ndiyo wala hapana. Eleza unasimama mara ngapi, unachukua muda gani, na kesho yake unakuwaje.

Nenda na mtu anayeishi nawe. Mke ndiye anayejua unavyolala. Mtoto ndiye anayejua jembe limeachwa tangu msimu gani.

Kuna sehemu ya tathmini ambayo maneno hayaibadilishi: picha ya kifua na kipimo cha pumzi. Picha za magonjwa ya vumbi husomwa kwa mfumo wa Shirika la Kazi Duniani, ambao unapanga wingi wa madoa katika ngazi 12, na msomaji hulinganisha picha ya mgonjwa na picha za mfano. Si kila daktari aliyezoea kusoma picha za mfupa uliovunjika anaweza kusoma hizi. Kipimo cha pumzi nacho kina usumbufu wake. Unabanwa pua kwa kibano, unaweka mdomo kwenye bomba, unavuta hewa yote unayoweza, halafu unaipuliza kwa nguvu zote hadi isibaki kitu, wakati mhudumu anakuhimiza uendelee, uendelee. Unarudia, angalau mara tatu, mpaka majibu yafanane. Mwenye mapafu yenye makovu hukohoa katikati, huona kizunguzungu, hukata tamaa mara ya pili. Akipuliza kwa kujihurumia, mashine inaonyesha kwamba majaribio hayalingani, na majibu hayatumiki. Ni vizuri ajue mapema kwamba ugumu ule ni wa kawaida, na kwamba hapaswi kuona haya kupumzika kati ya pulizo moja na jingine.

Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, imejenga uzoefu mkubwa wa magonjwa haya kwa kuwahudumia wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani. Kanda ya Ziwa ina hospitali ya Bugando, na sasa ina hospitali ya rufaa ya kanda hapo hapo Chato. WCF nao wamekuwa wakiendesha mafunzo ya tathmini kwa madaktari wa mikoani. Hatuko gizani kabisa. Lakini ni lazima kuwe na mtu wa kuandika rufaa ya kwanza, na rufaa ya kwanza inaanzia kwenye lile daftari linalosema mkulima.

Yote niliyoyasema kuhusu WCF yana sharti moja: uwe na mwajiri.

Aliyefanya kazi kwenye mgodi mkubwa, kwa mkataba na hati ya mshahara, ana pa kuanzia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka apimwe afya anapoajiriwa, awapo kazini na anapoondoka. Karatasi ya kipimo cha kuondoka ni mali. Omba nakala, uihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mfuko ana haki ya kuupinga, kwa waziri mwenye dhamana ya kazi na hatimaye katika Mahakama ya Kazi.

Mchimbaji mdogo hana lolote kati ya hayo. Yeye yuko kwenye mgao. Kuna mwenye leseni, kuna mwenye duara aliyeweka fedha za chakula, baruti na pampu, na kuna wao wanaoshuka. Mawe yakitoka yanagawanywa kwa viroba. Miezi mingine kiroba chake kinampa fedha ya kununua pikipiki, miezi mingine hakimpi nauli. Ukimwambia atalipwa asilimia 70 ya kipato chake, atakuuliza: asilimia 70 ya kitu gani?

Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, unapokea wanaojiajiri, na una pensheni ya ulemavu, ila masharti yake ni mazito kwa mtu huyu. Anatakiwa awe amechangia miezi 180, au angalau miezi 36 ambayo 12 kati yake ni ile ya mwisho kabla ya ulemavu, na bodi ya madaktari ithibitishe kwamba amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Ugonjwa wa vumbi hupunguza kipato kwanza na kuthibitishwa baadaye. Mtu anaanza kukosa michango akiwa bado anashuka duarani kwa tabu, na bodi inapokutana naye ile miezi 12 ya mwisho ina mapengo.

Kinachobaki ni mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, wa kunusuru kaya maskini. Majina yanaanzia kwenye mkutano wa hadhara, halafu kaya inaulizwa maswali ya dodoso. Huko nako macho ya watu ndiyo mizani. Asiye na mguu anaonekana. Mwenye mapafu mabovu, akiwa ameketi kivulini, anaonekana mvivu. Tena ana nyumba ya bati na tofali za kuchoma, aliyoijenga mwaka ule duara lilipotema, na nyumba hiyo inamwondoa kwenye orodha ingawa ndani hakuna unga. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautazama ulemavu kama kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine. Haisemi kwamba lazima uonekane. Mkutano wa mtaa unapaswa kuambiwa hivyo kabla majina hayajatajwa. Hata Kenya, ambako mpango wa Inua Jamii unatoa Sh2,000 za kwao kwa mwezi, fedha ya ulemavu imelengwa kwa wale wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kutunzwa muda wote, na mgonjwa wa mapafu anayejikongoja bado anaachwa nje.

Afrika Kusini walilipana kwa njia ya mahakama. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano kati ya kampuni kubwa za dhahabu na wachimbaji wagonjwa wa silikosisi na TB, ukaundwa mfuko wa Tshiamiso wenye randi bilioni 5. Hata huko tarehe haikumwacha mtu: ni lazima uwe umefanya kazi kati ya Machi 12, 1965 na Desemba 10, 2019. Watanganyika, hasa wa Nyanda za Juu Kusini, waliandikishwa kwenda kwenye migodi ile hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliyerudi nyumbani wakati huo, vumbi lake lilivutwa mapema mno.

Mfano unaotufaa zaidi unatoka India. Jimbo la Rajasthan lina maelfu ya watu wanaochonga na kuchimba mawe bila mwajiri anayejulikana, kama sisi. Kwa sera yake ya mwaka 2019 jimbo liliacha kudai hati ya ajira. Bodi ya madaktari ikithibitisha kwamba mtu ana silikosisi, analipwa rupia 300,000, na akifa familia inalipwa 200,000 zaidi. Fedha nyingine zinatoka kwenye mfuko wa madini wa wilaya, yaani mawe yenyewe yanamlipa aliyeumizwa nayo. Mapungufu yapo, foleni za vipimo zipo, lakini swali la kwanza limebadilika. Wanauliza mapafu yakoje. Nani alikuajiri ni jambo la baadaye.

Sisi tunashindwaje? Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na tangu hapo serikali imejifunza kuifuata dhahabu ya mchimbaji mdogo hadi gramu ya mwisho. Mrabaha wa kawaida ni asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, na hukatwa pale pale kwenye mizani. Mchimbaji ambaye serikali inasema hana mwajiri, hivyo hana wa kumchangia, ndiye huyo huyo ambaye mchango wake unakatwa kila kiroba chake kikitoa dhahabu. Sehemu ndogo ya makato hayo, bila kumwongezea mzigo, inaweza kulipia picha ya kifua ya kila anayefanya kazi kwenye duara au karasha lenye leseni, na kuanzisha fidia kwa watakaothibitishwa. Hilo halihitaji taasisi mpya. Linahitaji marekebisho ya sheria ya 2008 ili imtambue mtu wa mgao.

Wabunge wa Geita na Shinyanga wanaomba kura machimboni kila baada ya miaka mitano. Walibebe hili bungeni. Nawe unayesoma haya ukiwa na kikohozi kisichokwisha, kesho ukifika kituoni usiseme mkulima. Taja machimbo uliyofanya kazi na miaka uliyokaa kila mahali, taja karasha, taja zebaki, na usiondoke mpaka uone vimeandikwa kwenye daftari lako.